Tumbo la Mpira

Kiwanda kilitengeneza mipira ya maji na mikanda ya mashine, na kila aliyetoka humo jioni, awe fundi, karani au mpishi wa kantini, alinyanyua mikono mbele ya mtu mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Getini aliitwa Mzee Sachi, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu: "Sachi!" Mikono inapanda, viganja vyake vinashuka mbavuni, kiunoni, mifukoni, mpaka kwenye soksi. Viganja vyenyewe vilikuwa vikavu na vyepesi, na watu walitaniana kwamba mzee yule akikupapasa anajua umekula nini mchana.

Tatizo ni kwamba alipovua sare, kazi haikumvuka. Akifika nyumbani alitazama kwanza viatu vilivyokaa mlangoni, akitafuta kiatu asichokijua. Alifunua masufuria hata akiwa ameshiba. Muuza mkaa alipomshushia gunia, alilichoma kwa fimbo hadi chini, asije akauziwa mawe. Na siku kijana aliyetaka kumuoa binti yake alipokuja kujitambulisha, Mzee alimkumbatia mlangoni kwa furaha ya kweli kabisa, lakini mikono ikajifanyia kazi yake: ikampitia kwapani, ikashuka kiunoni, ikagusa mfuko wa nyuma. Kijana wa watu akanyanyua mikono juu. Binti akakimbilia chumbani kwa aibu. Ndoa ilifungwa hata hivyo, ila mkwe huyo mpaka leo hafiki ukweni kabla hajaigeuza mifuko yake nje, na wajukuu huvunjika mbavu kwa kucheka.

Mke wa Mzee hakuwa na kicheko cha namna hiyo. Kaka yake aliwahi kufanya kazi kiwandani, na Mzee alimvua viatu getini, watu wote wakitazama, asimkute na kitu. Shemeji aliacha kazi muda si mrefu, na tangu hapo wakikutana msibani kila mmoja alikaa upande wake wa turubai. "Ulimkuta na nini?" mke aliuliza kila mara ugomvi ulipopamba moto. Mzee alijibu vile vile siku zote: "Sikumkuta na kitu siku ile."

Ndivyo alivyokuwa. Asiyekutwa na kitu, kwake, alikuwa mtu ambaye hajakutwa bado.

Kiwanda kikaanza kuisha kama sabuni. Mashine za upande mmoja zilinyamaza, wakabaki watu wachache, na ghala la nyuma likakaa tupu, makazi ya njiwa. Asubuhi moja meneja alimwita Mzee ofisini, akamwonyesha mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli iliyopauka, nywele amezifunga kwa kipande cha waya.

"Huyu mama ni msanii," meneja akasema. "Atafanyia kazi zake kule ghalani. Mipira iliyokataliwa, vipande vya mikanda, waya mbovu, vyote nimempa ruhusa avitumie. Mpe ushirikiano."

"Shikamoo, mzee wangu," mwanamke akasema.

"Marahaba. Anatengeneza nini?"

Meneja akakuna shingo. "Vitu," akasema. "Wenyewe wanaviita sanamu."

Mzee aliondoka akinung'unika. Kwa miaka yote aliyokaa pale, kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kipande cha mpira kinachopita geti. Leo anaambiwa kuna mtu atapita navyo mchana kweupe, na ampe ushirikiano!

Kilichomtia shaka zaidi ni jioni ya kwanza. Mwanamke alikuja getini na kikoba chake, na kabla Mzee hajafungua mdomo, akanyanyua mikono mwenyewe, akasimama akitabasamu. Mzee alimpekua mkoba, na mfanyakazi wa kike wa kantini, ambaye ndiye aliyesaidia kuwapekua wanawake, akampapasa. Hakukuwa na kitu. Mzee alirudi kwenye kiti chake akitafuna mdomo. Alishawaona wanaokasirika, wanaotukana, wanaotetemeka. Anayenyanyua mikono kabla ya kuambiwa alikuwa hajamwona, na usiku huo alimwambia mke wake, "Yule mwanamke ana jambo."

"Wewe ni nani umewahi kumwona hana jambo?" mke akajibu, akamgeuzia mgongo.

Wafanyakazi nao walikuwa wamekwenda ghalani kuchungulia, wakarudi na habari. Walimpa jina palepale: Fundi Maini. Kisa ni kwamba vitu alivyovitengeneza vilifanana na viungo vya ndani ya mwili, lakini hakuna aliyeweza kusema ni kiungo gani hasa. Kulikuwa na kimoja cha mikanda myeusi iliyokunjwa na kubanwa kwa boliti, kimelala sakafuni kama ini la mnyama ambaye hajaumbwa. Kingine kilining'inia kwenye boriti, mipira ya maji mingi iliyosukwa pamoja, juu nyembamba, chini imevimba. Mpishi wa kantini aliapa kwamba hatapita tena nyuma ya ghala akiwa peke yake. Alisema kile kinachoning'inia kilimgeukia.

Mzee alikwenda kujionea. Mwanamke alikuwa amekaa juu ya pipa, koleo mkononi, akibana waya.

"Hiki ni nini?" Mzee akauliza.

"Wewe unaona nini, mzee wangu?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Bado sijakipa jina."

"Na kisicho na jina kitatokaje getini? Nitasema nimepitisha nini?"

Mwanamke akafikiri kidogo, bila mzaha. "Sema umepitisha kitu kikubwa chenye usingizi."

Mzee alimkata jicho, akaondoka. Kikubwa chenye usingizi! Alikuwa na hakika kwamba anachezewa shere.

Mtu pekee aliyemwelewa pale kiwandani alikuwa mtunza stoo. Walikuwa wameanza kazi pamoja, nywele zikiwa nyeusi, na saa nne kila asubuhi mtunza stoo alikuja kwenye kibanda cha geti na chupa zake mbili za chai, nyekundu na ya bluu. Nyekundu ilikuwa na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na wote wawili waliinywa hadi tone la mwisho. Ya bluu haikufunguliwa. "Hii ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, ni ya mchana," mtunza stoo alieleza zamani, daktari alipomwambia ana kisukari. "Chungu kama dawa. Sitaki nikuharibie mdomo." Mzee hakuwahi kumsachi mtu anayemnywesha chai, wala chupa zake. Kuna mambo hata yeye aliona ni utovu wa adabu.

Basi ikatokea kwamba viungio vya shaba vikaanza kupotea stoo. Ni vile vipande vya kuungia mpira na bomba, vizito, vinavyong'aa kama dhahabu, na kila muuza vyuma chakavu mjini alivitamani. Meneja akaja juu. Alimsimamisha Mzee mbele ya watu na kumwuliza kama bado anaona vizuri, au wamtafutie kazi ya kumwagilia maua.

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake chai haikushuka.

"Mimi mwenzio sisemi kitu," mtunza stoo akasema, akimmiminia. "Sipendi kumsingizia mtu. Lakini jiulize, nani ameingia hapa juzijuzi? Na vile vidude vyake si vina matumbo? Tumbo kubwa namna ile, nani anajua limeshiba nini?"

Mzee akaweka kikombe chini. Ilikuwa kama mtu amemwashia taa. Wiki iliyotangulia lori lilikuwa limetoka na vidude viwili, amevigonga kwa fimbo, vikatoa sauti ya kitu kilichojaa, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akafungua geti!

Sasa kilikuwa kinatengenezwa kikubwa kuliko vyote, kile kilichoning'inia. Mwanamke alikuwa akikihangaikia tangu mvua zilipoanza. Kilishuka kutoka kwenye boriti kwa shingo ndefu, shingo ikafungika kwa pete zinazong'aa, kisha kikapanuka kikawa tumbo refu la mipira myeusi iliyogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi ya tyubu za malori. Upepo ukipita ghalani, kilizunguka taratibu, kikarudi. Mzee alikuwa akisimama mlangoni kukichunguza kila alipopata nafasi, na kila mara aliondoka na hisia kwamba na yeye anachunguzwa.

Aliingoja siku ambayo mwanamke angetoka. Ikaja. Mapumziko ya mchana, watu wote kantini, mwanamke alipita getini akisema anakwenda kutafuta gundi, hatakawia. Mzee alimwachia msaidizi geti, akachukua kisu cha kukatia mpira kwenye karakana, akaenda ghalani.

Humo ndani kulikuwa na joto na harufu ya mpira mbichi. Njiwa walinyamaza alipoingia. Alikizunguka kile kitu, akakipapasa kama anavyopapasa watu, kuanzia juu alipofikia kwenda chini. Kilikuwa na uvuguvugu wa jua la bati. Viganja vyake, ambavyo havikuwahi kumdanganya, vilimwambia kuna kitu ndani: kuna vigumu, vya mviringo, vimepangwa. "Nimekukamata," akasema kwa sauti, akachoma kisu.

Kikapumua.

Pumzi ndefu, ya moto, ilimpiga usoni. Tyubu ilikuwa imejazwa upepo, na upepo ulitoka polepole, kwa sauti ya mtu mzima anayeketi baada ya kazi nzito. Tumbo likanywea mbele ya macho yake. Mzee alitaka kukimbia. Lakini alikuwa ameshaanza, akapiga moyo konde, akashusha kisu mpaka chini, akapanua mpasuko kwa mikono miwili.

Hakukuwa na shaba. Kulikuwa na mbavu. Mipira myembamba iliyopindwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja umefungwa kwa waya laini kwa mafundo madogo, na katikati ya mbavu kumepita mishipa ya tyubu nyekundu iliyotandazwa na kulainishwa kama ndani ya shavu. Kazi hiyo yote ilikuwa ndani, imefungiwa gizani, mahali ambapo hakuna mtu angeiona kamwe. Mzee alishika ubavu mmoja. Ulirudi nyuma kidogo, kama unaogopa.

Mwanamke alipoingia na kopo lake la gundi, alimkuta mlinzi amekaa sakafuni, kisu miguuni, kofia ameishika mkononi.

Hakupiga kelele. Aliweka kopo chini, akasogea, akatazama mpasuko kutoka juu hadi chini.

"Ulikuwa unatafuta nini?" akauliza.

"Shaba."

"Na umekuta nini?"

Mzee angeweza kusema hakuna kitu, kama alivyozoea kusema. "Nimekuta mbavu," akasema. "Mama, kwa nini umeweka mbavu mahali ambapo hazionekani?"

"Bila mbavu kingesimamaje?" Akaokota koleo lake, akasema, "Njoo ushike hapa."

Mzee akainuka. Alishika kingo mbili za mpasuko, akazileta pamoja, na mwanamke akashona kwa waya mwembamba na koleo, kuanzia chini. Honi ya kurudi kazini ililia, Mzee hakuondoka. Mwanamke alipomaliza, tumbo lilikuwa na kovu refu, limejikunja upande mmoja, na alipolijaza upepo tena kupitia tyubu mpya, likavimba isivyo sawa, kama mtu anayelalia ubavu wake mzima.

Jioni ile Mzee hakula. Mke alipombana, alimweleza yote. "Na hakufoka?" mke akauliza.

"Hakufoka. Ndicho ninachokwambia. Mtu gani unampasulia kazi yake asifoke? Ananiwekea kiporo. Anangoja siku nzuri ya kunimaliza."

"Mtu akikusamehe unaona amekutegea."

"Hajasema amenisamehe!"

"Basi nenda kaseme mwenyewe kwa bosi, upate usingizi na mimi nipate."

Kwa mara ya kwanza alimsikiliza. Asubuhi alivaa sare iliyopigwa pasi, akaingia kwa meneja, akaanza, "Bosi, nimekuja kuhusu ile sanamu..."

"Ah, ile," meneja akamkatiza. "Mama mwenyewe alishanieleza jana. Foklifti ilirudi nyuma ikaikwaruza. Amesema kosa ni lake, aliiacha njiani. Usijali, mzee."

Mzee alitoka nje, akasimama juani. Foklifti ile ya kunyanyulia mizigo haikuwa imefanya kazi tangu mwaka uliopita. Alikuwa ametetewa. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye kichwa kilimwanga vibaya zaidi, maana sasa alijua jambo moja la uhakika: mwanamke yule anajua kudanganya, tena uso mkavu, bila kupepesa. Anayeweza kudanganya kwa ajili yangu, akawaza, anashindwaje kunidanganya mimi?

Akaenda ghalani moja kwa moja.

"Umenisitiri kwa bosi. Kwa nini?"

"Ungefukuzwa," mwanamke akasema, akiendelea kupiga msasa. "Halafu ningeletewa mlinzi mwingine na kisu kingine."

"Sikia mama. Mimi sijui kuzunguka. Shaba ya kiwanda unayo au huna?"

"Ninayo."

Alisema hivyo kama mtu anayesema ana chumvi nyumbani. Akanyoosha kidole juu, kwenye shingo ya kile kitu. "Si ile pale? Mbona unaiona kila siku."

Mzee akatazama. Zile pete za shingoni, zilizoshikilia mipira yote isitawanyike, zilikuwa viungio vya shaba vilivyosuguliwa vikang'aa. Alivitazama kila siku. Alisimama chini yake akiwa na kisu, akapasua tumbo.

"Nani kakupa?"

"Mtunza stoo. Aliniletea mwenyewe, akaniuzia kwa bei ya kutupa, akasema ni vile vilivyokataliwa. Akasema vitapendeza shingoni."

"Viteremshe."

Akapanda ngazi, akafungua kimoja, akampa. Mzee alikigeuza. Vilivyokataliwa vilipigwa alama ya msalaba ubavuni, kila mfanyakazi alijua hilo, hata mfagizi. Hiki hakikuwa na alama yoyote. Kilikuwa kipya, cha kuuzwa. Mzee alipomwambia hivyo, mwanamke alikaa juu ya ngazi, mkono mdomoni. Hakuwa mfanyakazi wa pale. Nani angemwambia habari za msalaba?

Au alijua? Mzee alimtazama usoni muda mrefu. Hakuweza kuamua. Lakini swali jingine lilikuwa limeshaanza kumtambaa mgongoni, na hilo lilikuwa baya kuliko lile. Mwenzake ndiye aliyemwambia atazame matumbo. Mwenzake ndiye aliyeivisha shingo ile shaba, ili siku mambo yakiharibika, ikutwe kwa mtu. Na hivi viwili vitatu vya shingoni ni vichache. Vilivyobaki vilipita wapi? Getini pake hupita watu tu, na watu wote huwa amewapekua, isipokuwa...

Akaikumbuka chai. Ile ya maziwa, yenye sukari ya kutosha, ambayo mtunza stoo alikunywa naye kila asubuhi mpaka tone la mwisho. Mgonjwa wa kisukari!

Mzee alirudi kwenye kibanda chake, akakaa. Mtu aliyekuwa anamshuku muuza mkaa, mkwe wake, shemeji yake, hata masufuria ya nyumbani kwake. Angecheka kama asingekuwa na hamu ya kulia.

Jioni, watu walipanga foleni. Mafundi wakapita, makarani wakapita. Mtunza stoo alikuja nyuma, chupa mbili mkononi, akampungia kama kawaida na kupita pembeni ya foleni.

"Sachi," Mzee akasema.

Mtunza stoo akacheka. "Leo umeamka vibaya, mzee mwenzangu."

"Sachi."

Kile kicheko kikafifia. Mtunza stoo akanyanyua mikono, chupa zikaning'inia juu ya kichwa chake, na Mzee akampapasa pole pole, kwapani, kiunoni, miguuni, akiomba moyoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, asikute kitu. Hakukuta. Kisha akanyoosha mkono kuelekea chupa ya bluu.

"Ni mkandaa tu, ndugu yangu," mtunza stoo akasema kwa sauti ndogo. "Unaijua hiyo."

"Siijui. Hukuwahi kunipa."

Ilikuwa nzito mno. Alipofungua kifuniko hakukuwa na kioo ndani, wala chai. Shaba zilikuwa zimeviringishwa kwenye soksi ya mtoto zisigongane. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga mluzi. Mtunza stoo hakukimbia wala hakujitetea. Alimtazama Mzee na kusema, "Umekunywa chai yangu kwa miaka yote hii." Mzee akarudisha kifuniko.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mtunza stoo alifukuzwa. Mkewe alikuja nyumbani kwa Mzee, akasimama uani akalia bila kutukana, na mke wa Mzee akamkaribisha ndani, akamkalisha, akamfunika kwa kanga mtoto mdogo aliyekuja naye. Mzee alikaa nje kwenye ngazi mpaka alipoondoka. Mke alipotoka alisema tu, "Huyu ulimkuta na kitu. Unajisikiaje?"

"Vibaya," Mzee akasema.

Mwanamke wa ghalani aliitwa kwa meneja. Mzee alikwenda naye bila kualikwa, akasema aliyoyajua na akasema pia kuhusu kisu, foklifti isihusishwe. Meneja alikasirika, kisha akachoka, kisha akaamua shaba zirudishwe stoo na mambo yaishe. Mwanamke alizivua shingoni moja moja. Pahala pake akafunga mipira iliyosokotwa, na kwa kuwa mpira haushiki kama chuma, shingo ikainama. Kile kitu kilichokuwa kimening'inia wima sasa kiliangalia chini, upande wa kovu lake.

"Kimekuwa kizuri zaidi," mwanamke akasema.

Mzee alifikiri anasema hivyo kumpa moyo tu. Alipomtazama hakuona dalili ya uongo, lakini hilo halikumaanisha kitu.

Kilinunuliwa na hospitali moja mjini, ikitaka cha kuweka kwenye ua wa ndani, pale wagonjwa wanapokaa kuota jua. Siku ya kukipeleka Mzee aliomba ruhusa, akapanda nyuma ya lori kukishikilia. Barabara ilikuwa mbovu. Kila lori liliporuka, tumbo liliruka na kumwegemea, zito, lenye joto, na yeye akalikumbatia kwa mikono yote miwili, kiganja kwenye mshono, akimfokea dereva apunguze mwendo, kuna mgonjwa huku. Dereva alidhani ni utani.

Kwenye ua waliweka nguzo ya chuma, wakakitundika. Wagonjwa walisogea na viti vyao. Mama mmoja mwenye dripu mkononi alisema ni mtoto tumboni. Mgonjwa mmoja mkongwe alisema hapana, ni pafu, tena pafu la mvutaji sigara, akakohoa na kucheka. Wakabishana. Kijana aliyekatwa mguu aliligusa lile kovu kwa kidole, akalifuata kuanzia juu mpaka chini, hakusema ni nini.

Mke wa Mzee alikuwa amekuja kwa miguu kutoka sokoni na kikapu chake. Alikizunguka mara moja. "Ndicho hiki ulichokikata?"

"Ndicho."

"Masikini," akasema, akakipigapiga kama anavyompigapiga mjukuu.

Jua lilipanda. Watu waliingia ndani mmoja mmoja, mwanamke akaanza kukusanya zana zake, na lori likapiga honi. Mzee hakuinuka kwenye benchi. Macho yake yalikuwa yamekazwa.

"Twende basi," mke akasema. "Unangoja nini?"

"Kimesogea."

"Nani?"

"Hicho. Sasa hivi. Shingo ilikuwa huku, imekwenda kule."

Mwanamke alimsikia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Ni jua, mzee wangu. Mpira hulegea kwenye joto. Jioni ukipoa utarudi."

"Ndiyo," Mzee akasema. "Nimeelewa." Akamwambia dereva atangulie. Kisha akalivuta benchi, akalisogeza mpaka kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo mtu anaweza kukiona chote, kuanzia shingoni hadi chini, akaketi.